Barua ya wazi: Nyimbo zilizofungiwa kabatini zirudi kwa waliozipiga

Kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, kwa Kamati ya Bunge la Taifa inayoshughulikia utamaduni, na kwa Serikali ya Kaunti ya Kisumu.

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi wa redio hapa Kibuye. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimetengeneza redio kaseti, amplifaya za makanisa, spika za matangani na zile za magari ya kampeni. Kabla ya ufundi nilikuwa mpiga gitaa. Mwaka 1978 vijana wanne wa Kisumu, nami nikiwa mmoja wao, tulirekodi nyimbo tisa za roki nzito katika studio moja ya Nairobi. Albamu hiyo haijatolewa mpaka leo. Kwa sheria ilivyo sasa, tarehe 31 Desemba 2028 ulinzi wa rekodi yetu utakwisha kabla ya nakala hata moja kumfikia msikilizaji. Ndiyo sababu naandika, na naandika hadharani kwa kuwa barua za bahasha nimeshazipeleka za kutosha.

Nianze na muziki wenyewe, kwa maana nikisema tulipiga roki Kisumu wengi hudhani nimekosea mji. Huu ni mji wa benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo, na benga naipenda. Imenilisha arusini na matangani. Lakini mwaka 1976, miaka miwili kabla yetu, Black Savage wa Nairobi walikuwa wameshatoa albamu yao kupitia kampuni ya EMI. Mmoja wa vijana wa kundi lile alikuwa Job Seda, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Ayub Ogada na kwa nyatiti yake, ala ya nyuzi ya Wajaluo, hadi alipofariki hapa jirani Nyahera mwaka 2019. Roki na nyatiti zilikaa ndani ya mtu mmoja na hazikugombana.

Kwetu pia zilikaa pamoja. Mpiga ngoma wetu alilelewa na babu aliyepiga nyatiti. Mnaijua: nyuzi nane, mpigaji ameketi chini, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma anayogongea ubao wa ala huku njuga zikilia mguuni. Mdundo wa pete ile ndio aliouhamishia kwenye ngoma kubwa ya kukanyaga, na mtu aliyekulia huku akiusikia hulijua chimbuko lake kabla wimbo haujafika kibwagizo. Gitaa langu nilitaka likwaruze. Pedali za kukwaruzisha sauti hatukuwa na fedha za kununua, basi nikachukua wembe nikaipasua karatasi ya spika mara tatu, kutoka katikati kwenda ukingoni, na spika ikaanza kunguruma kama gari bovu linalopanda mlima Kisian. Tuliimba kwa Kiswahili na Kijaluo, tukiimba habari za bandari, za treni, na za kaka zetu waliokwenda Nairobi kutafuta kazi wakarudi ndani ya jeneza.

Treni ya usiku ndiyo iliyotupeleka na sisi, daraja la tatu, gitaa zimefungwa kwa blanketi. Tulirekodi kwa siku tatu. Fundi wa mitambo wa studio ile alikuwa mzee mpole, na siku ya mwisho alininakilia nyimbo tatu kati ya zile tisa kwenye rili ndogo ya utepe ili nikajisikilize nyumbani. Kisha tukaletewa karatasi moja ya Kiingereza, tukatia sahihi juu ya sanduku la amplifaya, tukapewa nauli ya kurudi na fedha za chakula. Hakuna aliyetusomea tulichokubali. Mdogo wetu alikuwa na miaka kumi na minane.

Baada ya wiki tano mwenye kampuni alituita. Alisema kazi ni nzuri ila hana mtu wa kumwuzia kelele ile, kwamba mnunuzi wa Kenya anataka gitaa tamu. Akataka turudi studio tusafishe magitaa, tupunguze ngoma, tutoe kitu kinachofanana na santuri zilizokuwa zikiuzwa. Tulikataa. Sitaki mdhani tulikataa kwa kiburi cha ujana. Tulikuwa tumeipiga miaka mitatu ile sauti, tukaijua kuwa ni yetu, na tukiitoa sauti ile kwenye nyimbo kinachobaki ni nyimbo za watu wengine. Akafunga faili. Kanda zetu zikaingia kabatini, na mlango wa kabati ukafungwa kwa sahihi zetu wenyewe.

Kuna ndugu watatu wa Detroit, Marekani, ambao yaliwapata yanayokaribia kuwa hayahaya, na nawaomba mfuate habari yao kwa makini kwa sababu mwisho wake umetofautiana na wetu kwa jambo moja tu. Ni David, Bobby na Dannis Hackney, vijana weusi katika mji uliotarajia kila kijana mweusi apige soul, muziki wa Wamarekani weusi. Wao walipiga roki ya kasi na ya nguvu. Baba yao alipofariki katika ajali, David aliliita kundi lao Death, yaani Kifo, kwa kuwa aliamini kifo nacho ni njia ya kwenda kwa Mungu. Mwaka 1975 waliingia studio ya United Sound wakarekodi nyimbo saba. Wao wenyewe wamesimulia kwamba kampuni kubwa ilikuwa tayari kuwachukua ikiwa watabadili jina, na David akasema hapana. Mwaka 1976 walitoa wenyewe santuri ndogo ya nyimbo mbili, nakala 500, na mambo yakaishia hapo. Walihamia jimbo la Vermont. David akarudi Detroit, na mwaka 2000 akafa kwa saratani ya mapafu. Kabla ya kufa alimkabidhi Bobby kanda za asili akamwambia azitunze, maana siku moja watu watakuja kuziulizia.

Walikuja. Wakusanyaji wa santuri waliigundua ile ndogo, mtoto mmoja wa Bobby akazisikia nyimbo kwa watu akaitambua sauti ya baba yake, na mwaka 2009 kampuni ya Drag City ya Chicago ikatoa albamu nzima, miaka 34 baada ya kurekodiwa. Watoto wa Bobby nao waliunda kundi la kupiga nyimbo za baba na baba zao wakubwa. Bobby na Dannis wakarudi jukwaani na nywele zimeingia mvi.

Jambo lililotutofautisha na wao si kipaji, wala si bahati. Wao kanda zilikuwa ndani ya nyumba yao. Kampuni ilipojitoa, familia ilibaki na mkanda mkononi, ikaweza kungoja miaka thelathini na minne. Sisi tulibaki na rili ya nyimbo tatu niliyopewa kwa hisani na mzee ambaye hakulazimika kunipa.

Sasa nije kwenye sheria, ambayo nimeisoma kwa kidole, mstari baada ya mstari, nikisaidiwa na binti yangu. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inautenga wimbo na rekodi. Utunzi, yaani maneno na mahadhi, unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliokufa. Rekodi inalindwa miaka 50, na miaka hiyo huhesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka ambao rekodi ilifanywa. Angalieni neno hilo: ilifanywa. Sheria haiulizi kama ilitolewa. Kampuni ikiirekodi leo na kuifungia kesho, saa inatembea kabatini humo humo. Na kwa kuwa sheria humwita mwenye rekodi yule aliyepanga irekodiwe, sisi tuliopiga hatuna ufunguo wa kabati wala hatuna namna ya kuisimamisha saa. Rekodi zote za nchi hii za mwaka 1975 zilizokuwa zimefungiwa zilikosa ulinzi mwaka 2025 ulipokwisha. Za 1976 zitakosa mwaka 2026 ukiisha. Sisi tupo kwenye foleni.

Wakili mmoja aliyenisikiliza kwa wema aliniambia: ngojeni Januari 2029, rekodi itakuwa huru, mtoe wenyewe bila kumwomba mtu. Nimelitafakari jambo hilo sana. Ikiwa huru kwetu ni huru kwa kila mtu, na mwenye mtambo na mtaji popote duniani ataweza kuiuza rekodi yetu bila sisi kuwa na neno juu yake, isipokuwa ule utunzi. Tena sheria kumaliza muda hakumlazimishi aliye na mkanda autoe. Nyimbo sita kati ya tisa zimo kwenye mkanda ambao ni mali ya yeyote aliyeununua kama chuma chakavu. Haki bila mkanda haipigi muziki.

Nasema chuma chakavu kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kampuni ile ilifungwa, na aliyewahi kuwa mtunza stoo wake aliniambia rili zilichukuliwa kwa uzani, kwa ajili ya alumini. Utepe wenyewe haukuwa na bei. Sikujua utepe ulikwenda wapi hadi siku moja nilipokuwa Ahero kutengeneza spika ya kanisa, nikapita kando ya mashamba ya mpunga wakati unaanza kukomaa. Kati ya nguzo na nguzo walikuwa wamefunga utepe wa kahawia unaong'aa ili kuwafukuza kweleakwelea. Upepo ukipita, utepe unalia kama mzinga wa nyuki. Nilizoea kuona utepe wa kaseti umefungwa hivyo. Nikausogelea nikaushika kwa vidole viwili, na mwili ukanisisimka. Utepe wa kaseti haufiki milimita nne kwa upana. Huu ulizidi milimita sita. Ulikuwa wa robo inchi, utepe wa studio.

Kijana aliyekuwa akilinda ndege aliniambia, “Jaduong', huu ni mzuri kuliko wa kaseti. Haukatiki.” Nikamwomba anikatie kipande. Akanipa mita nne na nusu hivi, akanishangaa jinsi nilivyokikunja ndani ya leso. Usiku ule nilikifuta kwa kitambaa laini, nikakiunganisha na utepe mwingine mbele na nyuma, nikakipitisha kwenye mashine. Kwa mwendo wa studio, sentimita 38 kwa sekunde, mita nne na nusu ni sekunde kumi na mbili. Sauti ilikuwa inapanda na kushuka mahali jua lilipokausha utepe, lakini ilikuwepo: gitaa mbili za benga zikijibizana, besi chini yake, halafu mwanamke akaanza kuimba. Alifika neno la tatu, utepe ukaisha. Nimeirudia mara nyingi. Hakuwa mtu ninayemfahamu. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye uhakika kabisa kwamba atasikilizwa.

Nilirudi Ahero juma lililofuata. Mavuno yalikuwa yamepita, na utepe ulikuwa umechomwa pamoja na mabua.

Niwaeleze pia rili yangu, ili muone jinsi muda ulivyo mfupi hata kwa aliyetunza. Nilikuwa nimeihifadhi ndani ya debe la biskuti, juu ya kabati, miaka yote. Kanda nyingi za miaka ya sabini na themanini zilitengenezwa kwa gundi inayonyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ya ziwani ina unyevu wa kutosha. Utepe wa namna hiyo ukiuweka kwenye mashine unanata, unapiga yowe, na unaacha uji wa kahawia kwenye hedi, sehemu ya mashine inayosoma utepe. Ule uji ndio wimbo. Kila unachokifuta kwa pamba hakirudi tena. Nilisikia yowe nikazima mashine haraka. Dawa yake inajulikana na watunzaji wa kanda duniani: unauoka utepe kwa joto la nyuzi 54 hivi kwa saa nane au zaidi, unyevu unatoka, gundi inashika, na unapata wiki chache za kuunakili kabla haujaanza kunata upya. Nilijenga sanduku la mbao lenye taa mbili na feni ya kompyuta, nikatia kipimajoto, nikakaa nalo kuanzia alfajiri, nikizima taa moja kila joto lilipotaka kuvuka. Mke wangu aliniletea chakula karakana. Sikutoka.

Jioni niliucheza mara moja tu, ukiingia kwenye kompyuta. Kabla ya wimbo wa pili kuna ukimya, kisha kinasikika kijiti kimoja cha ngoma kikigonga kingine, na mpiga ngoma wetu anahesabu: achiel, ariyo, adek, ang'wen. Tulimzika zamani. Wajukuu zake wawili walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yake, kwa kuwa hakuna kanda nyingine popote. Niliwaita dukani nikawawekea masikioni. Mkubwa alinyamaza. Mdogo akaniuliza kwa nini babu anahesabu, nikamwambia anawaambia wenzake waingie pamoja.

Nilipotaka kuzitoa nyimbo hizo tatu kwa njia halali, nilizunguka. Ofisi moja iliniambia nilete idhini ya mwenye rekodi. Nikaeleza kuwa kampuni haipo. Nikaambiwa basi nilete barua ya kuthibitisha kuwa haipo, kutoka kwao. Ofisi nyingine ikanitaka niwe na mkataba wa asili, ambao nakala yake hatukupewa. Simlaumu karani yeyote kati ya wale, kila mmoja alikuwa akifuata karatasi iliyo mbele yake. Karatasi hizo ndizo ninazowaomba mzibadilishe.

Ninaliomba Bunge lirekebishe kifungu cha muda wa ulinzi, ili rekodi ambayo haijatolewa ianze kuhesabiwa siku inapotolewa kwa umma, mradi itolewe ndani ya miaka 50 tangu ifanywe. Halafu, na hili ndilo lililo moyoni mwangu zaidi, sheria imtake mwenye rekodi aitoe au airudishe. Ikipita miaka mitano bila kutolewa, waliopiga wawe na haki ya kumpa notisi ya maandishi. Ikipita mwaka mmoja tangu notisi na bado kimya, haki ya rekodi irudi kwa waliopiga pamoja na mkanda wenyewe, au nakala kamili ya mkanda kama wa asili hauwezi kutoka. Sisahau kwamba kampuni ilitumia fedha. Aliyelipia studio arudishiwe gharama yake kutokana na mauzo, kabla sisi hatujapata senti. Hilo ni haki, na wanamuziki ninaowafahamu wote watalikubali. Asichostahili ni kuweka kazi ya mtu mahali isipomfaa yeye wala mwenzake. Na mikataba ya zamani iguswe pia, la sivyo sheria itawaokoa vijana wa kesho na kuwazika wazee walioanzisha.

Jambo hili lina mfano. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya ulipoongeza ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, uliweka masharti mawili ndani yake. Rekodi iliyotolewa ndani ya miaka 50 tangu ifanywe huhesabiwa tangu ilipotolewa. Na miaka 50 ikishapita tangu kutolewa, kampuni isipouza nakala za kutosha au isipoiweka mtandaoni, mwanamuziki anaipa notisi, na mwaka ukipita anaweza kuuvunja mkataba. Sharti hilo la pili kwao ni la rekodi zilizokwisha kutolewa, na linangoja miaka mingi mno. Kwetu, ambako kampuni zimefungwa na kanda zimefungwa kwenye nguzo za mpunga, hatuna miaka hamsini mingine ya kungoja.

Kwa Bodi ya Hakimiliki: kuna rekodi zilizobaki yatima, kampuni imekufa na hakuna mrithi anayejulikana. Tupeni utaratibu. Mwanamuziki aje na ushahidi wake, picha, barua, mashahidi waliokuwepo studio, nanyi mtangaze kwenye magazeti na redio kwa muda mtakaouweka. Asipojitokeza mwenye dai, mpeni aliyepiga kibali cha kutoa kazi yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inaitaka dola ikuze haki za ubunifu za watu wa Kenya, na kifungu cha 40 kinairudia kauli hiyo kwenye mali. Hamtakuwa mnaanzisha jambo geni.

Kwa Serikali ya Kaunti: jedwali la nne la Katiba limewapa ninyi maktaba, makumbusho na shughuli za utamaduni. Naomba chumba kimoja. Kiwe kikavu, kiwe na kiyoyozi kinachofanya kazi usiku na mchana na umeme wa akiba, kiwe na mashine mbili za rili, mashine za kaseti, na fundi wa kuzitunza. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha watunzaji wa kumbukumbu za sauti walitoa tahadhari kwamba mashine za kusomea kanda zinatoweka duniani, na kwamba kufikia 2025 hivi kanda nyingi hazingeweza kusomwa tena kwa kukosa mashine. Mimi nina mashine moja inayofanya kazi na moja ninayoichuna vipuri. Belti zake nakata mwenyewe. Mafundi wanaojua kupanga hedi ya rili hapa Kisumu tunahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na sote ni wazee. Nipeni vijana wanne kutoka vyuo vya ufundi na nitawafundisha bila malipo.

Msidhani chumba hicho kitakaa kitupu. Upande huu wa nchi una mali. Kericho palikuwa na Chandarana, waliorekodi benga na nyimbo za Kipsigis kwa miaka mingi. Kila kijiji kuanzia Siaya hadi Kakamega kina mtu mwenye rili au kaseti chini ya kitanda ambayo hana pa kuichezea. Na mfikirie jambo hili: mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo wa Chemirocha. Rekodi ile ni nzima mpaka leo, safi, inasikika duniani kote, kwa kuwa iliwekwa katika maktaba ya muziki wa Afrika iliyoko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Ilipita miaka zaidi ya sitini ndipo nakala zikarudishwa kwa wenyewe kijijini, na baadhi ya waimbaji walikuwa bado hai kuzipokea. Nawashukuru walioitunza. Lakini inaniuma kwamba wimbo wa Kapkatet wa 1950 uko salama kuliko wimbo wa Kisumu wa 1978, na sababu ni chumba.

Tumebaki wawili katika wale wanne. Mpiga besi anaishi Nakuru, macho yamepungua nguvu lakini vidole bado vinapiga, hunipigia simu kila Jumapili baada ya ibada na kabla ya salamu kwisha ananiuliza, “Omera, wamejibu?” Nimemwahidi kwamba barua hii itasomwa. Nakala ya nyimbo zile tatu nimeiambatanisha kwa kila ofisi niliyoitaja hapo juu. Tafadhali zisikilizeni kwenye spika kubwa. Wa pili una ukimya mwanzoni. Msiuruke, hapo ndipo anapohesabu.

Ninasubiri jibu lenu kwa maandishi.

Fundi wa redio, aliyekuwa mpiga gitaa
Kibuye, Kisumu